Mwendokasi, mtandio na mikutano ya video: hedifoni ipi kati ya hizi tatu?

Msomaji wetu wa Kimara, Dar es Salaam, anaandika hivi: "Siku tatu kwa wiki napanda mwendokasi kwenda kazini Posta, na kwenda na kurudi hunichukua karibu saa mbili. Siku mbili zilizobaki nafanyia kazi nyumbani kwa mikutano ya video, huku jenereta ya jirani ikinguruma. Navaa mtandio. Simu yangu ni ya Android na kompyuta ni mpakato. Nimetenga shilingi 400,000 kununua hedifoni isiyo na waya yenye kuzima kelele, nami nimeonyeshwa tatu: Soundcore Life Q30 mpya kwa 230,000, Sony WH-CH720N mpya kwa 350,000, na Sony WH-1000XM4 iliyotumika kwa 400,000. Muuzaji anasema nitazame yenye namba kubwa ya Bluetooth. Nichukue ipi? Au ninunue tu vile vidogo vya kuchomeka masikioni?"

Jibu

Dada yangu, nianze na namba ya Bluetooth ili tuiweke kando mapema. WH-CH720N ina toleo la 5.2, na hizo nyingine mbili zina 5.0. Namba hiyo inahusu namna vifaa viwili vinavyounganishwa na umeme unaotumika katika kuunganishwa huko, na haikuambii muziki utasikika vipi. Kinachohusika na ubora wa sauti ni kodeki, yaani utaratibu wa kuibana sauti ndani ya simu na kuikunjua ndani ya hedifoni. Zote tatu zinazijua kodeki za SBC na AAC. WH-1000XM4, ambayo nitaiita XM4 kwa kifupi, peke yake ndiyo yenye LDAC, kodeki ya Sony inayoweza kupitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde, wakati SBC kwa kawaida huishia karibu 328, na simu yako ya Android huenda inayo LDAC kwa kuwa iliingizwa katika mfumo huo tangu Android 8 ya mwaka 2017. Lakini ndani ya basi lililojaa simu za watu, mawasiliano ya Bluetooth hugombania nafasi, na simu hulazimika kuishusha LDAC hadi 330 ili muziki usikatike. Isitoshe, XM4 ikiwa imeunganishwa na simu na kompyuta kwa pamoja, jambo ambalo wewe utalihitaji, LDAC huwekwa kando. Kwa hiyo ubora huo ungeulipia wewe, na safarini usiusikie.

Jambo linalostahili fedha yako ni kelele, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanunuzi wengi hurudi dukani wakilalamika kwamba hedifoni "haizimi" ilhali inafanya kazi yake sawasawa.

Hedifoni ya kuzima kelele ina maikrofoni zinazosikiliza sauti ya nje, kisha inatoa sauti iliyo kinyume chake, ili wimbi moja linapopanda lingine liwe linashuka na yote mawili yafutane. Wazo hilo si geni: Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake huko Marekani mwaka 1936. Lakini vifaa vya kuvaa kichwani vilichelewa sana. Amar Bose alianza kupiga hesabu zake mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, baada ya kuvishwa visikizi ambavyo havikufua dafu mbele ya mngurumo, na kampuni yake ikatoa kifaa cha marubani mwaka 1989. Nimekutajia historia hiyo kwa sababu inaeleza tabia ya teknolojia yenyewe hadi leo: ililenga mngurumo wa injini, na mngurumo ndio inaoumudu.

Sauti ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ambayo ni jirani na mngurumo wa injini ya basi au jenereta, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita tatu na nusu. Hedifoni ikikosea kidogo au ikichelewa kidogo, wimbi refu namna hiyo bado litafutika. Sauti ya hezi 3,000, ambamo mna makali ya honi, mlio wa breki na sehemu ya maneno ya mtu inayoyafanya yaeleweke, ina wimbi la sentimita 11 hivi, na hapo kosa dogo linatosha kuharibu hesabu yote. Ndiyo maana ukivaa hedifoni nzuri ndani ya mwendokasi, injini inazama kama imefunikwa blanketi, halafu mama aliyekaa nyuma yako akizungumza na simu unamsikia vizuri kuliko mwanzo. Hapo hakuna ubovu. Sauti hizo za juu huzuiwa na mto wa sikio wenyewe, kwa kukaa vizuri na kuziba, na si na elektroniki.

Katika hizo tatu, XM4 ndiyo yenye uwezo mkubwa zaidi wa kuzima kelele, nami sitakuficha hilo kwa kuwa ni ya mwaka 2020 na imetumika. Ilikuwa hedifoni ya juu kabisa ya Sony, ikiuzwa dola 350 Marekani ilipotoka, wakati WH-CH720N ilitoka mwaka 2023 kwa dola 150. Tofauti hiyo inasikika. Hata hivyo inasikika zaidi katika kelele nyepesi, kama feni na kiyoyozi cha ofisini, kuliko kwa jenereta ya jirani, ambayo hata hedifoni ya bei ya kati huipunguza kwa kiasi kikubwa. Life Q30 nayo haiko mbali, na ina namna tatu za kuzima kelele, ya usafirini, ya nje na ya ndani. Kwa basi weka ile ya usafirini na uiache hapo.

Sasa mtandio. Hili sijaliona likijadiliwa kwenye boksi lolote, nalo kwako lina uzito kuliko kodeki zote. Hedifoni ya kufunika sikio hutegemea mto wake uguse ngozi pande zote. Kitambaa kinapopita katikati, hewa hupenya, na kinachopenya nayo kwanza ni besi. Unapoteza mara mbili: muziki unakuwa mwembamba, na mngurumo wa injini unaingia kwa njia ileile. Fremu ya miwani huleta tatizo hilohilo kwa kiasi kidogo, na kadhalika rasta zinazopita juu ya sikio. Dawa yake si kuvaa mtandio juu ya hedifoni, kwani hapo utazifunika maikrofoni za nje, na kila unapogeuza shingo kitambaa kitazisugua, nawe utasikia mkwaruzo kama wa mtu anayefagia karibu na sikio lako. Vaa hedifoni juu ya mtandio, lakini hakikisha kwamba chini ya mto kuna tabaka moja tu la kitambaa laini, lisilo na mkunjo, pini wala pindo la kofia ya ndani. Kitambaa cha jezi kinachovutika hukaa vizuri kuliko kile cha pamba ngumu. Ukifanya hivyo utapoteza kidogo. Ukiacha mkunjo mmoja mnene mbele ya sikio, hedifoni ya shilingi 400,000 itakutumikia kama ya 100,000.

Kwa jambo hili vile vidogo vya kuchomeka vinashinda waziwazi, kwa kuwa vinakaa ndani ya tundu la sikio na mtandio unapita juu yake. Kama ungetumia safarini tu, ningekushauri uvifikirie kwa dhati. Kinachonizuia ni betri. Wewe kwa wiki utavaa saa sita safarini, na tukadirie saa nyingine sita za mikutano, jumla 12. Hedifoni inayodumu saa 30 kwa chaji moja itamaliza chini ya nusu ya chaji kwa wiki, yaani karibu mizunguko 20 kwa mwaka. Visikizi vidogo, ambavyo vingi hudumu saa tano au sita na kelele zikiwa zimezimwa, vitakula mizunguko miwili kwa wiki, zaidi ya 100 kwa mwaka. Betri za namna hii huanza kuchoka baada ya mizunguko mia kadhaa, na ndani ya visikizi vidogo zimegandishwa kwa gundi kiasi kwamba fundi hana pa kuingilia. Mtu anayevitumia kila siku asishangae kuona mwaka wa tatu sikio moja linazima kabla ya lingine.

Tuje kwenye mikutano, ambako kuna mambo mawili yanayochanganywa na karibu kila mtu.

La kwanza: kuzima kelele kunakusaidia wewe usiisikie jenereta, hakumsaidii unayezungumza naye. Yeye anasikia kile kinachochukuliwa na maikrofoni zako za kuongelea, ambazo katika hedifoni hizi zimo ndani ya kikombe cha sikio, mbali na mdomo. Kila mtengenezaji ana namna yake ya kuchuja sauti hiyo, lakini kwa hizi tatu nisingesema kuna yenye maikrofoni ya kujivunia. Ndani ya nyumba tulivu zote zinatosha. Karibu na jenereta sauti yako itafika, ila itakuwa na vipande vilivyomegwa, kwa kuwa kichujio kikiondoa mngurumo huondoka na sehemu ya sauti yako pia.

La pili ni lile linalowafanya watu waamini kwamba hedifoni imeharibika. Unasikiliza muziki kwenye kompyuta, sauti imejaa. Mkutano unaanza, na ghafla kila kitu kinasikika kama redio ya mbao iliyowekwa ndani ya ndoo. Sababu ni kwamba Bluetooth ya kawaida ina njia moja ya muziki, yenye ubora, isiyobeba maikrofoni, na njia nyingine ya simu, inayobeba sauti pande zote mbili lakini kwa ubora mdogo sana: katika hali mbaya hukata kila kilicho juu ya hezi 4,000, na katika hali nzuri juu ya hezi 8,000. Programu ya mkutano inapoiwasha maikrofoni ya hedifoni, kompyuta inahamia njia ya simu. Utaratibu mpya uitwao LE Audio umekusudiwa kuliondoa tatizo hili, ila unahitaji kuwamo katika hedifoni na kompyuta pia, na kati ya tatu zako haumo hata katika moja.

Tiba yake ni rahisi na haina gharama. Katika mipangilio ya programu ya mkutano, sehemu ya spika chagua hedifoni, na sehemu ya maikrofoni chagua ile ya kompyuta yenyewe. Hapo hedifoni itabaki kwenye njia ya muziki na utawasikia wenzako vizuri. Kama maikrofoni ya kompyuta inaokota jenereta, nunua maikrofoni ndogo ya waya ya kubana kwenye nguo, uibane chini ya kidevu, juu ya kitambaa kisichochezacheza. Kipaza hicho kidogo kikiwa karibu na mdomo kinaishinda maikrofoni ya hedifoni yoyote kati ya hizi.

Niseme pia juu ya uzito na joto, kwa kuwa utaivaa Dar es Salaam na si ndani ya ndege yenye kiyoyozi. WH-CH720N ina gramu 192. XM4 ina gramu 254, na Life Q30 inakaribia gramu 260. Gramu 60 hazionekani kitu zikiwa mkononi, lakini ndani ya basi mchana wa Januari, umesimama, upinde ukikubana juu ya mtandio, utazihesabu moja moja. Mito ya hedifoni hizi imefunikwa ngozi ya bandia, na jasho ndilo adui yake: baada ya miaka michache huanza kupasuka na kuacha vipande vyeusi, vidogo kama chenga za majani ya chai, shavuni na kwenye nguo. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu iliyotangazwa na mtengenezaji wake kuwa inahimili maji, kwa hiyo wakati wa masika iingie ndani ya begi kabla hujashuka kituoni. Ifute mito kwa kitambaa kikavu ukifika, na usichomeke chaja ikiwa bado ina unyevu.

Na ya kutumika je? Kwa mtu anayejua kukagua, XM4 ni hedifoni nzuri kupita zote katika orodha yako. Tatizo ni kwamba hujui imelala wapi miaka yote hiyo. Betri yake ikiwa mpya inatoa saa 30 na kelele zikiwa zimezimwa, kwa hiyo saa tatu za kusikiliza zinapaswa kupunguza asilimia 10 hivi. Muuzaji akikukubalia ukae nayo nusu siku, ijaze, isikilize saa tatu, utazame. Ikishuka asilimia 30, hiyo ni betri iliyochoka. Ikunje na kuikunjua mara kadhaa ukisikiliza bawaba za pande zote mbili. Chomoa mito, kwani inatoka kwa kuivuta taratibu, uangalie kama sifongo imebonyea. Mito mbadala ya bei nafuu hupatikana, ila ile isiyokaa sawasawa inaupunguzia uwezo wa kuzima kelele, na hapo umerudi palepale pa mkunjo wa mtandio.

Kisha hakikisha ni yenyewe. Mwaka jana nililetewa hedifoni ya jina kubwa ambayo mwenyewe alilalamika kwamba "kelele haipungui". Nilipoifungua nikakuta vitundu vya maikrofoni vimetobolewa vizuri kwenye plastiki ya nje, na nyuma yake hakuna kitu, hata waya. Boksi lilikuwa halali kwa macho, na hata kitambulisho chake kwenye simu kilionyesha jina sahihi. Kwa hiyo usiamini jina linalojitokeza kwenye orodha ya Bluetooth, kwani hilo huandikwa na yeyote. XM4 halisi inatambuliwa na programu ya Sony ya kwenye simu, nayo inakuonyesha mipangilio yake. Ukiivua, kihisio kilicho ndani ya kikombe kinausimamisha muziki chenyewe. Ukifunika kikombe cha kulia kwa kiganja, muziki unashuka na sauti za nje zinaingia. Ukiwasha kipengele cha kusikia mazungumzo na kutamka neno, muziki unasimama. Bandia inaweza kuiga jambo moja kati ya haya. Kuyaiga yote ni kazi ghali kuliko faida yake.

Kabla ya uamuzi, hesabu moja kuhusu masikio yako. Shirika la Afya Duniani linachukulia desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kuwa kiwango salama kwa mtu mzima, na kila unapoongeza desibeli tatu muda huo unagawanyika kwa mbili: 83 kwa saa 20, 86 kwa saa 10, 89 kwa saa tano. Safari zako peke yake ni saa sita. Mtu asiyezima kelele ndani ya basi hupandisha sauti hadi aishinde injini, na akifika 89 atakuwa amevuka kiwango hata bila mikutano. Hii ndiyo faida ya kuzima kelele ninayoithamini zaidi ya nyingine zote, ilimradi baada ya kuiwasha ukumbuke kuishusha sauti. Ukishuka kituoni, badilisha iruhusu sauti za nje, maana bodaboda haisubiri mtu amalize wimbo.

Ushauri wangu ni WH-CH720N. Ni nyepesi, inaunganishwa na simu na kompyuta kwa pamoja, inadumu saa 35 na kelele zikiwa zimezimwa, na kwa kuwa ni mpya unaweza kudai risiti na dhamana. Ina kasoro: plastiki yake inasikika rahisi mkononi, haikunjiki kuwa ndogo bali vikombe hugeuka bapa tu, na haiji na kasha, kwa hiyo itahitaji kimfuko kigumu ndani ya begi. Shilingi 50,000 zitakazobaki ndizo za kimfuko hicho na maikrofoni ya kubana kwenye nguo. Kama bajeti yako ingekuwa 250,000, ningekuambia uchukue Life Q30 bila kusita: inakunjika, inakuja na kasha, inadumu saa 40, na besi yake nzito inapunguzwa ndani ya programu yake. XM4 ichukue tu ikiwa imefaulu ukaguzi wote na muuzaji akashuka bei kiasi cha kubakiza fedha ya mito mipya, maana kwa 400,000 kamili umeishiwa siku ya kwanza.

Siku ya kwenda dukani vaa mtandio uleule wa kazini. Ivae hedifoni dakika 20 bila kuivua, na usiketi chini ya feni. Simama karibu na jenereta ya duka lolote, washa na kuzima kipengele cha kelele mara tatu bila muziki wowote, usikilize mngurumo unavyoondoka na kurudi. Kisha mpigie mtu wa nyumbani kwa hedifoni hiyohiyo ukiwa barabarani, mhesabie namba kumi za ovyo kwa sauti yako ya kawaida, na umwombe akurudishie. Akikosea zaidi ya mbili, jaribu nyingine ya aina hiyohiyo kabla hujatoa fedha.